Portia, Shylock na miongozo inayoishia kwenye damu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandika insha kuhusu haki na unafiki katika *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare. Mwongozo nilionunua unasema Portia anawakilisha haki na Shylock anawakilisha ukatili, basi. Mimi naona Portia naye ni mdanganyifu. Nikiandika hivyo nitapoteza alama?

Jibu: Marahaba. Hupotezi kitu ukitoa ushahidi, na ushahidi umejaa katika onyesho la mahakamani. Shylock, Myahudi mkopeshaji, anamdai mfanyabiashara Antonio ratili ya nyama ya mwili wake, kwa mkopo ambao haukulipwa kwa wakati. Anza kabla Shylock hajaingia. Mtawala, ambaye ndiye aliyekalia kiti cha hukumu, anampa Antonio pole na kumwita Shylock mtu asiye na chembe ya huruma. Mdai hata hajafungua kinywa! Kisha anaingia kijana "daktari wa sheria wa Roma", ambaye ni Portia katika mavazi ya kiume. Zile dukati (sarafu) 3,000 Antonio alizikopa ili rafiki yake Bassanio aende kumposa Portia huyo huyo, na sasa Bassanio ni mumewe. Nionyeshe haki ya kesi ambayo mke wa mnufaika wa mkopo ndiye anayeifafanua sheria, tena kwa jina la uongo.

Usigeuke sasa ukamfanya Shylock malaika. Anakataa mara tatu ya fedha zake na ananoa kisu mbele ya baraza. Lakini hapo hapo anawauliza Wavenisi: mnao watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa, mbona hamwaachii huru? Hakuna anayemjibu. Ukitafuta unafiki, nukuu hapo.

Kinachonikera ni hiyo miongozo. Kila mwaka nasahihisha insha zenye jedwali lile lile, Portia upande huu, Shylock upande ule, na mwanafunzi hajafungua kitabu chenyewe. Wauzaji wa miongozo hiyo wanawauzia watoto wetu majibu ya mchezo ambao, kwa ninavyoona, wao wenyewe hawakuumaliza. Hata kichwa hawakitazami: katika kichwa cha Shakespeare, *The Merchant of Venice*, mfanyabiashara ni mmoja, naye ni Antonio, lakini Mwalimu Nyerere katika tafsiri iliyotoka 1969 aliandika "mabepari", wengi. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu asite kabla ya kugawa wema na wabaya.

Na miongozo yote huishia pale pale: ratili ya nyama bila tone la damu, Shylock kashindwa, haki imetendeka. Kesi haijaisha. Portia anatoa sheria nyingine, ya mgeni anayetafuta uhai wa raia, na mali yote ya Shylock inakuwa hatarini. Antonio, ambaye ameponea chupuchupu, anataka Shylock awe Mkristo, na akifa mali yake imwendee binti aliyetoroka na mkwe aliyemtorosha. Kumbuka muda mfupi tu uliopita Portia alihubiri kwamba rehema hailazimishwi, hushuka kama mvua. Sasa rehema yenyewe ni kubadili dini kwa amri, na Portia anamuuliza Shylock kama ameridhika. Shylock anasema ameridhika. Anaomba ruhusa aondoke, hajisikii vizuri. Hati wamtumie nyumbani, ataitia sahihi.

Maneno hayo ya mwisho ya Shylock sijayaona katika mwongozo hata mmoja niliowahi kuushika.