Mtoto Anachambua Mchicha Kwenye Wali

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka kwa mama wa mtoto wa miaka mitatu. Wali anakula, nyama anakula, ila mchicha anauchambua kwa vidole, jani moja moja, na kuupanga ukingoni mwa sahani kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Mama amejaribu mara nne, sasa anauliza: amlazimishe au amwache?

Asimlazimishe, na asimwache. Mara nne ni chache mno. Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kipya kati ya mara 8 na 15 ndipo wakizoee, na wapo wanaovuka hapo. Wazazi hukata tamaa mapema, wakatangaza mbele ya mtoto mwenyewe kwamba "huyu hali mboga", naye akalishika hilo kama jina lake.

Umri nao una lake. Mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito hadi mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Baada ya hapo huongeza kilo mbili au mbili na nusu tu kwa mwaka, na hamu ya kula hupungua. Kati ya miaka 2 na 6 woga wa chakula kigeni huwa mkali, na ulimi wake hushika uchungu kuliko wako. Mchicha uliokomaa ambao wewe unaumeza bila kufikiri, kwake ni dawa.

Kwa hiyo anzia jikoni. Nunua fungu moja la mchicha mchanga, chukua majani na ncha laini, mashina magumu tupa. Osha kabla ya kukata, ukibadilisha maji mara tatu. Chembe moja ya mchanga kwenye meno inatosha kuufanya ukataliwe wiki nzima. Katakata ndogo sana, maana jani refu humkwama kooni, na akikabwa mara moja hasahau. Kaanga nusu kitunguu na karoti ndogo iliyokunwa kwa kijiko kikubwa cha mafuta mpaka vilainike na kutoa utamu. Tia nyanya moja, iive, kisha mchicha, dakika tatu hadi tano bila mfuniko. Malizia na vijiko vikubwa vitatu vya tui zito, au kijiko kimoja cha karanga za kusaga kilichokorogwa kwa maji ya moto. Mafuta hayo yana kazi: bila mafuta, mwili hunyonya kidogo sana vitamini A ya mboga za majani. Chumvi kidogo hupunguza uchungu, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekewe.

Magadi usitie. Yanailainisha mboga na kuiacha kijani cha kupendeza, lakini yanaharibu vitamini C na kuacha ladha ya sabuni. Kabichi ikichemka muda mrefu hutoa harufu ya yai viza, na hapo mtoto anakataa kabla hajaonja. Kata nyembamba, kaanga dakika chache. Bamia hukataliwa kwa utelezi wake: zikaange nzima kwenye mafuta ya moto, zikate baadaye, kamulia ndimu. Kisamvu nacho usikifupishie muda kwa sababu yoyote. Majani yake yana sumu ya sayanaidi, nayo hutoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa.

Mezani, weka kijiko kimoja cha chai cha mboga kando ya chakula anachokipenda. Kijiko kimoja tu. Rundo la kijani linamtisha. Nanyi kuleni mboga hiyohiyo, na msimkodolee macho. Akilamba akatema, imehesabika. Akigusa tu akaacha, kaa kimya, sahani iondoke mlo ukiisha. Tia alama kwenye kalenda, urudie baada ya siku moja au mbili, mboga ileile, mapishi yaleyale. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: leo mchicha, kesho kabichi, keshokutwa bamia, na kila siku mtoto anakutana na mgeni.

Kingine kinachoharibu ni biashara ya "maliza mchicha nikupe biskuti". Umemwambia kwa mdomo wako kwamba mchicha ni adhabu na biskuti ni zawadi. Na kuna jambo baya zaidi, bado linafanyika majumbani: kumbana pua afungue mdomo. Chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Acheni kabisa.

Angalia pia anachokula kabla. Juisi saa kumi, chipsi saa kumi na moja, halafu saa moja usiku unashangaa hana njaa. Kwa muda wa saa mbili kabla ya mlo apewe maji tu. Maziwa yasizidi nusu lita kwa siku baada ya mwaka mmoja, na chai isiandamane na chakula, kwani inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Mpango huu dada wa kazi na bibi waujue pia, la sivyo pipi ya saa kumi itarudi kwa mlango wa nyuma.

Kusaga mboga ndani ya maharage ni sawa, inamlisha. Ila hakumfundishi kitu, kwa hiyo kile kijiko kinachoonekana kibaki pale pale. Karoti mbichi za mviringo na karanga nzima asipewe kabla ya miaka mitano, zinakaba.

Mstari kwenye kadi ya kliniki ukilala au ukishuka, au mtoto akawa anapaliwa na kila kigumu, au vyakula anavyokubali vinazidi kupungua, mpeleke kituo cha afya.

Mchicha ukishaingia, fuata na matembele, kisha chainizi. Maboga na karoti ni tamu, hazihitaji vita. Mnafu na nyanya chungu ziache mwisho kabisa. Hata baba zao wengine bado wanazisukuma ukingoni mwa sahani.