Mkopo mdogo kwa muuza chakula sokoni

Dada uliyeuliza kama mkopo mdogo unakuza biashara ya chakula au unaongeza madeni tu: inategemea pesa inaenda wapi. Ukiacha kuchukua mzigo kwa mali kauli (unapewa bidhaa, unalipa ukishauza) kila asubuhi ukaanza kununua jumla kwa pesa taslimu, faida utaiona haraka. Lakini ukijaza vitu vinavyooza kuliko unavyoweza kuuza kwa siku mbili, umekopa ili utupe.

Kinachoumiza wengi, kwa maoni yangu, ni ratiba ya marejesho. Rejesho likianza wiki chache tu baada ya kupokea pesa, mtu anaogopa kuiingiza yote kwenye biashara. Anaficha nyingine ya kulipia. Utafiti mmoja wa Kolkata, India, uliwapa baadhi ya wakopaji nafasi ya miezi miwili kabla ya kuanza kulipa. Waliwekeza zaidi na faida ikapanda, ila walioshindwa kulipa nao wakaongezeka (ndiyo maana wakopeshaji wanasita).

Riba nayo iulizie vizuri. "Asilimia 10 kwa mwaka" ikipigwa kwenye mkopo wote huku wewe unapunguza deni kila mwezi, kihalisi inakaribia asilimia 18.

Miujiza usitegemee. Majaribio ya mikopo midogo katika nchi sita yaliyochapishwa pamoja mwaka 2015, zikiwemo Ethiopia, Moroko na India, yalionyesha mabadiliko ya wastani tu, na kule India waliosogea zaidi ni waliokuwa tayari na biashara kabla ya kukopa.