Ukisifiwa, Jibu Nini?

"Umependeza!" Neno likishatoka, zamu ni yako, na hata ukinyamaza umejibu. Wengi hukimbilia kukataa: "Aa, kigauni cha zamani tu hiki." Wanadhani huo ndio unyenyekevu. Kumbe aliyesifu ameambiwa hajui kuona, na sasa itambidi asifu tena, kwa nguvu zaidi, kulinda neno lake. Mwaka 1978 Anita Pomerantz, mtafiti wa mazungumzo wa Marekani, alieleza kwamba anayesifiwa hubanwa na mambo mawili yanayogongana: kukubaliana na mwenzake na kuepuka kujisifu.

Kiswahili kina milango kadhaa ya kutokea hapo. Mwepesi kuliko yote ni "ahsante, nawe pia", lakini usiurushe ovyo. Mtu anatoka shambani, jembe begani, jasho linamtiririka, ukimwambia "nawe umependeza" ataona unamkejeli. Huyo mwambie "ahsante, pole na kazi", naye atajibu "ahsante" au "nimeshapoa". Mlango mwingine ni kumpisha aliyehusika: "Ahsante, fundi ndiye aliyejitahidi." Sifa ikihusu afya, nyumba au watoto, ipeleke kwa Mungu: "Alhamdulillahi", "Tunamshukuru Mungu."

Kwa mtoto mchanga, kazi kubwa ni ya anayesifu. Pwani hasa, ukisema "Jamani, kanenepa huyu!" bila mashallah, mama anaweza kumfunika mwanawe kwa kuogopa husuda. Mashallah itangulie, ikija baada ya uso wa mama kubadilika, imechelewa. Penye desturi nyingine, "Mungu akukuzie" inafaa, na jibu lake ni "amina".

Sifa ya kitu ndiyo yenye mitego. "Kanga nzuri hiyo!" yaweza kusikika kama ombi. Mwenye nayo akijibu "karibu", usinyooshe mkono: hiyo ni adabu, hajaahidi kukupa. Mjibu "ahsante, imekukaa wewe", mambo yaishie hapo. Akitaka kukupa kweli, atataja kitu chenyewe. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili, kwa hiyo utasikia: "Kipande cha pili kipo ndani, ngoja nikupe." Hapo kukataa mara moja ni heshima, ukikataa mara ya tatu, umemkataa yeye.

Tena, kabla ya kuisifia kanga, soma jina lake, yale maandishi yaliyo upande wa chini wa mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, juu ya pindo. Kama limeandikwa "Hasidi hana sababu", huenda imevaliwa ili jirani fulani aisome. Sifa yako ya sauti kubwa pale uani itahesabiwa kuwa umechagua upande, na jirani atakukumbuka. Lakini usipite kimya pia, kwa sababu mvaaji naye anasubiri neno. Sifia rangi: "Nyekundu imekukubali."