Jeki mbili zilinitoa nje hatua moja kabla ya malipo

Jumapili iliyopita nilitoka kwenye turnamenti ya poka nikiwa mtu wa 41. Malipo yalianzia kwa mtu wa 40. Nimekaa siku nne kabla ya kuandika, maana ningeandika usiku ule ule ningeilaumu bahati, kama walivyofanya wenzangu mezani. "Pole, bahati mbaya," waliniambia nilipokuwa nainuka, na maneno hayo yameniuma kuliko chipu zenyewe. Haikuwa bahati mbaya. Nilipewa karata nzuri nikazicheza vibaya, na kila kosa nililifanya kwa hiari yangu.

Saa tano za mwanzo naziruka. Nilitupa karata, nikasubiri, nikatupa tena. Twende pale tulipobaki watu 43. Blaindi, yaani madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya kuona karata, zilikuwa 2,000 na 4,000, na juu yake ante, dau jingine la lazima, ya 4,000 inayolipwa na aliye kwenye blaindi kubwa. Mbele yangu nilikuwa na 168,000, yaani blaindi kubwa 42. Jamaa wa kulia kwangu, aliyekuwa na chipu nyingi kuliko sote, akapandisha hadi 9,000. Nikainua ncha za karata zangu: jeki ya shupaza, jeki ya pau.

Jeki mbili unazipata mara moja katika kila mikono 221, yaani migawo ya karata. Ukizipata huku wamebaki watatu tu wa kutoka kabla ya malipo, mapigo ya moyo yanabadilika. Wanaocheza turnamenti mnanielewa, sote tunatafuta meza ya mwisho na tunajua mkono wa namna hii ndio unaokupeleka huko. Nilichotakiwa kufanya nilikijua: kupandisha juu yake hadi 27,000 au 30,000, nibaki naye peke yake au nichukue mzigo, yaani chipu zote zilizowekwa katikati, hapo hapo. Badala yake nikafuata 9,000 zake kimya kimya. Nilijiambia naficha nguvu. Ukweli ni kwamba niliogopa asije akanirudishia kwa kuingiza chipu zake zote.

Aliyekaa kwenye nafasi ya mgawaji akafuata naye. Blaindi ndogo akatupa. Zamu ikamfikia blaindi kubwa, na hapa ndipo ninapopakumbuka zaidi. Mzigo ulikuwa umeshafika 37,000, na yeye alidaiwa 5,000 tu kuona flopu, karata tatu za kwanza za mezani. Aliziangalia karata zake, akatazama mzigo, akarusha chipu moja ya 5,000 bila hata kuhesabu. Angekuwa mjinga kutupa. Kwa bei ile hata mimi ningefuata na takataka. Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe, nikamwekea na kiti.

Flopu: tisa ya kopa, nane ya kopa, nne ya uru. Jozi yangu ilikuwa juu ya kila kitu mezani, lakini meza yenyewe ilikuwa imejaa hatari. Kopa mbili, karata mbili zinazofuatana, watu watatu dhidi yangu. Wawili wa mbele wakapita bila kuweka dau. Kwenye mzigo wa 42,000 nikaweka 12,000, dau dogo eti nisiwafukuze. Blaindi kubwa akafuata, wengine wakatupa.

Karata ya nne ikawa mbili ya shupaza, karata isiyobadilisha chochote. Akapita. Mimi nikapita pia, nikampa karata ya tano bure kabisa. Ikaanguka tatu ya kopa.

Akaweka 60,000 kwenye mzigo wa 66,000. Nilikaa dakika nzima nikizungusha chipu mbili vidoleni. Kopa tatu ziko mezani. Mtu amefuata dau kwenye flopu yenye kopa mbili, na sasa, kopa ya tatu ilipofika, ameamka ghafla. Yote niliyaona. Bado nikalipa, kwa sababu zilikuwa jeki, na nilikuwa nimezisubiri saa tano. Akafunua kumi ya kopa na saba ya kopa: pamoja na za mezani, kopa tano, zinazoshinda jozi yangu.

Nilibaki na 87,000, ambazo ni blaindi 22. Hizo bado zinatosha kabisa kufikia malipo na kuendelea kupigana. Lakini robo saa baadaye, wawili wakiwa wameshatoka, niliingiza zote na ree na nane mbele ya mtu aliyekuwa amepandisha kwa utulivu, nikagongana na kingi mbili. Mkono ule sitausimulia. Niliucheza kwa hasira.

Usiku ule nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Na kumi yake na saba yake, kwenye flopu ile alikuwa na karata 13 za kumwokoa: kopa tisa, na za kumpa karata tano zinazofuatana, yaani sita tatu zisizo kopa na jeki ya uru. Kwa karata mbili zilizobaki alikuwa na nafasi ya nusu kwa nusu kunishinda. Yaani pale nilipokuwa najiona mfalme tulikuwa karibu sawa. Karata ya nne ilipopita bila kumsaidia, nafasi yake ilishuka hadi chini kidogo ya asilimia 30. Hapo ndipo nilipokuwa mbele kweli, na hapo ndipo ningemtoza dau la ukubwa wa mzigo wote, alipe kuliko thamani ya karata zake au atupe. Mimi nikapita.

Ndugu zangu, jeki ni karata zenye nguvu na ni karata dhaifu kwa wakati mmoja, na lazima ukubali yote mawili. Kwenye flopu, asilimia 57 ya mara itatua angalau karata moja kubwa kuliko jeki. Kwa kwini ni asilimia 41. Kwa kumi ni karibu 70. Jeki ya tatu ya kukuokoa kwenye flopu inakuja takribani asilimia 12 tu. Kwa hiyo nguvu yako iko mwanzoni, kabla karata za mezani hazijafunguliwa. Tumia hapo. Pandisha. Punguza watu. Kila mtu unayemruhusu aingie kwa bei rahisi anakuja na kisu chake.

Na ukishafika kwenye flopu yenye hatari kama ile yangu, toza. Weka theluthi mbili ya mzigo, au zaidi. Anayetafuta kopa atalipa, mwache alipe kwa bei mbaya. Dau dogo liweke kwenye meza kavu, mfano tisa, nne, mbili za aina tatu tofauti, ambako hakuna anayekufukuza. Ikitua ree au kingi na watu watatu wako mkononi, weka dau moja au pita, na mtu akikujibu kwa nguvu, achana nazo. Narudia: achana nazo. Hazikudai chochote.

Kuziacha ni kazi, najua, lakini nimewahi kuifanya. Turnamenti niliyomaliza wa tatu, ambayo ndiyo matokeo yangu bora hadi leo, nilipata jeki hizi hizi tukiwa karibu na malipo. Mtu mwenye tahadhari sana akaingiza zote. Mwingine, naye mgumu kama jiwe, akaingiza zote juu yake. Nilifikiri hivi: watu kama hawa hapa wana ree, kingi au kwini mbili, au ree na kingi. Jozi zile tatu kubwa zinapatikana kwa namna 18, na mbele yake jeki zinashinda chini ya mara moja katika tano. Ree na kingi zinapatikana kwa namna 16, na mbele yake nina nafasi kidogo tu juu ya nusu. Dhidi ya mmoja wao tu, ukichanganya yote, unabaki na kama asilimia 36. Wao walikuwa wawili. Nikazitupa. Wakafunua kwini mbili, na ree na kingi. Sijawahi kujivunia mkono nilioushinda kama ninavyojivunia ule nilioutupa.

Hii ni turnamenti, si meza ya pesa ambapo ukiishiwa unanunua chipu nyingine. Chipu unazopoteza zina uzito kuliko unazoshinda, na karibu na malipo uzito huo unazidi. Lakini usilichukue hilo kama kibali cha kucheza kwa woga, maana ndilo lililoniua Jumapili. Kuogopa kupandisha kulinigharimu 81,000 kwa mkono mmoja, ilhali kupandisha hadi 30,000 na kuzitupa kama angeingiza zote kungenigharimu 30,000 hizo tu. Ukiwa na blaindi 15 au pungufu hata hakuna la kujadili: na jeki unaingiza zote, unangoja.

Jumatano nilirudi mezani, turnamenti ndogo. Saa ya pili nikapewa jeki mbili, safari hii ya uru na ya kopa. Mtu akapandisha mbele yangu. Nikapandisha mara tatu ya dau lake, sikusita. Aliyefuata akatupa, blaindi wote wakatupa, naye akafikiri kidogo akatupa. Nilivuta mzigo mdogo, nikazirudisha karata zangu kwa mgawaji kifudifudi, bila mtu kuziona.