Uti wa mgongo jifunze kwa vidole

Nilipoanza kusoma fiziotherapia nilikariri pingili mpaka nikaziota: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja wa pembetatu, kisha kifandugu. Siku ya vitendo mwalimu akaniambia nimwonyeshe pingili ya 4 ya kiuno kwenye mgongo wa mwenzangu. Nikahesabu kutoka shingoni hadi chini, nikaweka kidole. Nilikuwa nimekosea kwa pingili nzima.

Kosa lilikuwa kule juu nilikoanzia. Mtu akiinamisha kichwa, chini ya shingo hutokeza nundu, nami niliichukua kuwa pingili ya 7 ya shingo. Mara nyingi huwa ndiyo, ila kwa wengine pingili ya kwanza ya kifua hutokeza zaidi. Basi usiamini macho. Weka vidole viwili juu ya nundu mbili zinazofuatana, kisha mwombe ainue kichwa taratibu na kukilaza nyuma. Pingili ya 6 huzama chini ya kidole. Ya 7 hubaki ilipo. Siku hizi sihesabu chochote kabla ya kufanya hivi.

Wala usizihesabu zote kwa mkupuo mmoja. Mtu akisimama mikono imelegea, ncha ya chini ya kombe la bega huwa karibu na pingili ya 7 ya kifua, hapo jikague.

Alama ninayoithamini kuliko zote iko kiunoni. Weka viganja juu ya kingo za mifupa ya nyonga, vidole gumba vikutane mgongoni: hapo ni karibu na pingili ya 4 ya kiuno. Daktari anayetaka kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano huanza kwa kutafuta mstari huo, maana kwa mtu mzima ugwe wa neva unaopita ndani ya pingili huishia juu zaidi, karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Ndipo nilipoelewa kwa nini mwalimu hakulichukulia kosa langu kuwa dogo.

Kwa mtu mnene, nyama za ubavuni zinaweza kukupandisha hadi pingili ya 3. Bonyeza polepole, kwa ridhaa yake, mpaka uhisi mfupa wenyewe.