Km 300 kwa dakika 21? Hiyo hesabu ni ya jeti, mkuu

Mkuu, umeuliza kwa nini kikokotoo cha mtandaoni kinakupa kilomita 300 na dakika 21 kati ya viwanja viwili vidogo vya ndege, halafu tiketi inasema saa 1 na dakika 25. Hakuna aliyekudanganya. Mimi niliziamini dakika za namna hiyo nikakata tiketi ya kuunganisha. Nafika, ndege ya pili imeshafunga mlango.

Umbali wenyewe uko sawa, ni mstari mfupi kuliko yote kati ya viwanja hivyo juu ya uso wa dunia. Ukikuta kwingine 162 usidhani njia imefupishwa, hizo ni maili za baharini.

Tatizo ni mwendo. Dakika 21 ni kilomita 300 ukigawa kwa 850 hivi kwa saa, mwendo wa jeti iliyokwisha kutulia juu. Kiwanja chenye njia fupi ya kurukia, pengine ya changarawe, mara nyingi hutua Cessna Caravan, ndege ndogo ya pangaboi moja, na za aina yake, zinazokwenda kama kilomita 300 kwa saa. Saa nzima imeshakwisha hapo. Ingekuwa ATR 72, ndege kubwa zaidi ya mapangaboi mawili inayofika karibu 500, ungesema dakika 36. Kwa hiyo mimi siku hizi naangalia aina ya ndege kwanza, umbali baadaye.

Halafu kuna upepo. Ukiwa wa usoni kwa kilomita 50 kwa saa, ile saa 1 inakuwa dakika 72. Ukirudi nao kisogoni ni 51. Jumla 123, si 120! Upepo haurudishi chote ulichokula.

Safari moja niliamua kushika saa. Kabla ya kupanda tulipimwa uzito sisi na mabegi, rubani akamhamisha jamaa mmoja kutoka siti ya nyuma kabisa hadi ya mbele ili ndege isilemee mkia. Mlango ukafungwa, tukatambaa hadi mwisho wa njia, tukageuka, injini ikajaribiwa. Dakika 9 zimekwenda na magurudumu bado yako chini. Kule mwisho hakutua moja kwa moja. Alipita juu ya kiwanja, akalaza bawa kutazama ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, akazunguka, akatua kutokea upande wa pili. Dakika 6 nyingine. Muda wa tiketi huhesabu vyote hivyo, tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena.

Vikokotoo vingine huongeza nusu saa kwa kila safari, nayo si dawa ya kila mahali. Kati ya Westray na Papa Westray kule Skotilandi, kilomita 2.7, ndege iko angani kama dakika 2 tu!

Kwako wewe, uliza kama inatua kiwanja kingine katikati. Kama haitui, saa 1 na dakika 25 naiamini.