Maswali Yenu: Kampuni Yetu Itumie Windows, Linux au Mac?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Sisi ni kampuni ndogo ya usambazaji, tuna kompyuta 14 na karibu zote zina Windows 10. Kijana wetu wa IT anasema Windows 10 imeshafika mwisho kwa hiyo tuhamie Linux, ni ya bure. Mhasibu hataki hata kuisikia. Bosi naye anataka tununue Mac zote ofisi ipendeze. Tuchukue ipi?

JIBU: Salama ndugu yangu, na pole kwa mvutano. Mimi ningeanza na mhasibu, wala msimwone mkaidi, maana mara nyingi yeye ndo ana ile programu moja inayoamua mambo yote. Watu wengi wanachagua mfumo kwanza afu ndo wanaanza kuhangaika programu zao zitaingiaje humo, na hapo ndo hela inapopotea. Anzeni na programu, mfumo utafuata wenyewe.

Piteni kila idara muandike kila programu inayotumika, sio zile za kila siku tu, hata zile za mwisho wa mwezi na mwisho wa mwaka ambazo watu huwa wanazisahau: ya mishahara, ya kodi, ya stoo, ya benki, ya ile mashine ya alama za vidole mlangoni, ya printa ya risiti. Mkimaliza, kila programu muulizeni aliyeitengeneza, tena kwa maandishi, inafanya kazi kwenye mfumo gani na toleo lipi. Zile zinazofunguka kwenye brauza hazina shida, fungua popote. Emaili, meseji za ofisi, hata programu kubwa za biashara kama Odoo na ERPNext zote unazifungulia kwenye brauza, na nadhani mtashangaa kuona ni kazi ngapi zimeshahamia huko bila nyie kushtuka.

Zinazobaki ndo za kukaa nazo chini. Programu nyingi za uhasibu zinazoinstoliwa kwenye mashine ni za Windows tu. Microsoft Access haipo hata kwenye Mac. AutoCAD, ile ya kuchora ramani za ufundi, ipo Windows na Mac, Linux haipo, na Photoshop ya picha ni hivyohivyo. Excel ina mtego wake, kwa sababu LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, inafungua mafaili ya kawaida vizuri tu, lakini kama mhasibu ana mafaili yenye makro, yaani amri za kujiendesha zenyewe, alizozijenga kwa miaka, nyingine zitagoma na nyingine zitafanya kazi nusunusu, na hiyo nusunusu ndo mbaya zaidi kwenye hesabu. Kuna wanaotumia Wine kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, kwa vitu vidogo sawa, ila vitabu vya hesabu za kampuni mimi siwezi kukushauri uviweke humo, maana ikigoma siku ya kufunga mwezi aliyekuuzia programu atakwambia huko hakumhusu. Na mkisema muweke Windows ndani ya Linux kwa mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya nyingine, ile Windows bado inahitaji leseni yake, sasa hapo mmeokoa nini?

Kuhusu Windows 10 kijana wenu yuko sahihi, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine zitaendelea kuwaka kama kawaida, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi tena bure. Kampuni inaweza kulipia updeti za ziada, dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, mwaka unaofuata inakuwa mara mbili, na wa tatu mara mbili tena, afu basi. Zidisheni kwa mashine zenu muone. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, RAM kuanzia GB 4 na prosesa ambayo kwa Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8, kwa hiyo mashine nyingi za zamani zinakataliwa hata kama bado ni nzima.

Hizo zilizokataliwa ndo mahali pake Linux. Hakuna sheria kwamba kampuni nzima iwe na mfumo mmoja. Mhasibu na mwenye michoro wapeni Windows 11, mapokezi na wanaoshinda kwenye brauza kutwa nzima wawekeeni Ubuntu LTS, aina ya Linux ya msaada wa muda mrefu, inapata updeti za bure miaka 5. Kabla ya kuinstoli chochote iwasheni kwanza kutoka kwenye flashi, mjaribu printa, skana na WiFi, maana drayva, zile programu ndogo zinazoendesha vifaa, huwa ndo zinaleta kesi.

Msihame siku moja pia. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilianza na OpenOffice, programu ya ofisi kama LibreOffice, mwaka 2005, mwaka uliofuata likaingiza brauza ya Firefox na Thunderbird ya emaili watu wakiwa bado kwenye Windows, na Ubuntu ikaanza kuingia 2008 wakati mikono imeshazoea. Mpangilio huo naupenda sana, hata nyie mnaweza kuufuata, wekeni LibreOffice kwenye Windows mlizonazo leo muone nani anakwama wapi.

Za bosi: Mac ni mashine nzuri, anunue ya kwake kama programu zake zipo. Ila ajue Mac mpya za chipu za Apple haziwashi Windows moja kwa moja kama zile za Intel zilivyokuwa zinafanya.

SWALI: Tumeuziwa laptopu mpya zina Windows 11 Home. Zinafaa kwa ofisi?

JIBU: Kama kila mtu anajitegemea zinafanya kazi. Ila Home haiungi kwenye domeni ya ofisi, yaani mtandao ambao seva moja inasimamia kompyuta zote, na huwezi kuingia kwenye mashine hiyo ukiwa mbali kwa Remote Desktop. Kama mna seva au mnataka mtu wa IT azisimamie zote kwa pamoja mtahitaji toleo la Windows 11 Pro. Kupandisha kutoka Home kwenda Pro mnalipia leseni tu, mafaili yanabaki palepale, ila fanyeni bakapu kwanza.